Posa ya Kila Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Malalamiko ya kusumbuliwa nyumbani kwa matarumbeta
Jina la shahidi: Bi Kishindo (jina la kwenye kitambulisho limeonekana, shahidi anasema hata mumewe halitumii)
Umri: Miaka 47
Kazi: Mshonaji wa magodoro. Mwisho wa wiki ni mpiga ngoma kubwa wa bendi ya matarumbeta
Makazi: Nyuma ya karakana ya magodoro, mtaa wa pili kutoka kituoni hapa
Tarehe: Jumamosi, 31 Mei. Yameanza kuandikwa saa sita na dakika kumi mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu mbele ya koplo wa zamu, bila kutishwa na bila kuahidiwa chochote, isipokuwa glasi ya maji, ambayo nimeshaletewa. Nimeelezwa kwamba nikidanganya nitashtakiwa. Nimejibu kwamba sina haja ya kudanganya, ukweli wenyewe una vituko vya kutosha.

Kabla ya yote naomba iandikwe hivi: yule fundi wa lifti mliyemfungia mahabusu hapo nyuma hana kosa. Hakumtuma mtu kumsumbua yule dada. Mkimpeleka mahakamani mtakuwa mmempeleka mtu ambaye kosa lake ni kutii. Na yule dada naye, fundi wa miwani, aliyeleta malalamiko, hajasema uongo hata neno moja. Alisumbuliwa kweli. Najua kwa sababu nilikuwepo, ngoma nilikuwa napiga mimi.

Sasa naanza mwanzo, maana afande amesema niache kurukaruka.

Bendi yetu ina watu wanane. Kiongozi ni kaka yangu wa tumbo moja, kifungua mimba wa mama yetu, ambaye hushika kipaza sauti na kutamka yale ambayo mteja ametaka yatamkwe. Zamani ratiba ya kazi aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa karakana yangu. Siku moja mteja wangu wa magodoro aliegemea mlango ule, akaagana na mimi vizuri, akaondoka na harusi mbili kwenye shati. Hatukuzikumbuka mpaka wenye harusi walipokuja kutuuliza. Kaka hakula siku ile.

Baada ya hapo binti yake, ambaye anasomea mambo ya kompyuta, alituwekea kalenda ya mtandaoni kwenye simu zetu zote. Kaka akiweka tukio kwenye simu yake, sote tunaliona: siku, saa, mahali, wimbo gani, na maneno ya kutamka. Saa moja kabla, simu zote nane zinalia. Afande, kaka yangu aliipenda ile kalenda kuliko alivyompenda mtoto aliyeileta. Akawa haendi hata kunyoa ndevu bila kuingiza. Tukambandika jina, Mzee Ratiba, na yeye akaliona ni sifa. Akatoa amri: "Simu ikilia, tunakwenda. Sitaki mjadala." Na kweli tangu siku ile hatujakosa harusi hata moja, hilo siwezi kumnyima.

Kuna amri nyingine naomba nayo iandikwe, maana bila hiyo tusingefika hapa. Kazi zetu nyingi ni za kushtukiza watu. Watoto wanamshtukiza mama yao, wafanyakazi wanamshtukiza bosi wao. Mwaka jana tulikwenda kwa mama mmoja, akatoka na upawa mkononi, akasema, "Mimi sijaagiza matarumbeta." Tukaomba radhi kwa adabu, tukaondoka. Kumbe wanawe walikuwa wamejificha uani na keki. Walitusema mpaka nikatamani kuingia ndani ya ngoma yangu. Kaka akasema kuanzia leo, mwenye nyumba akisema hajaagiza, jueni hapo ndipo penyewe, anayeshtukizwa atakuwa ameagiza vipi? Akisema hajaagiza, ongezeni sauti.

Mnamo tarehe 28 Aprili, siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi hivi, nikiwa karakanani na kaka, aliingia kijana mrefu mwenye ovaroli ya kazi na begi la spana. Ndiye huyo mliyemfungia. Alikaa juu ya godoro ambalo sijalifunga mdomo, akazama, akashindwa kuinuka, akaamua kuzungumza hivyohivyo alivyozama. Alisema yeye hutengeneza lifti za majengo yote ya mtaa wa maduka, na kwamba anampenda fundi wa miwani wa ghorofa ya nne.

Nilimuuliza walikutanaje. Akasema lifti ilimkwamia yule dada katikati ya ghorofa, yeye akaitwa. Alipofika akamwambia kupitia mlangoni, "Dada, usiwe na wasiwasi, nipo hapa, nitakuwa nakusemesha." Yule dada akamjibu kutoka ndani, "Ahsante, ila usinisemeshe. Nikiwa na hofu napenda kimya. Nitakuita mwenyewe." Basi akafanya kazi yake kimyakimya zaidi ya saa nzima, na kila mara akagonga bati mara moja tu, taratibu, ili ajue kwamba yupo. Mlango ulipofunguka, yule dada alimtazama akasema, "Wewe ni mtu wa ajabu. Unajua kungoja." Tangu hapo wakawa wanakunywa chai pamoja.

Kaka akamuuliza, "Sasa kama mnakunywa chai, si umwambie tu?" Yule kijana akasema amejaribu, ila akifika kwenye neno lenyewe ulimi unaganda, anajikuta anazungumzia nyaya. Kwa hiyo alitaka tumsemee. Alilipa zaidi ya tulivyomtajia, akasema tununue soda. Tukamvuta mimi na kaka tukamtoa kwenye godoro.

Kaka akaingiza tukio kwenye kalenda palepale mbele ya mteja, kwa madaha, akisoma kwa sauti: "Posa. Fundi wa miwani, nyumba ya geti la bluu. Jumamosi, saa nne asubuhi. Baada ya wimbo, tamka: Bibie, fundi wako anauliza, jibu lako ni lipi?" Akabonyeza kuhifadhi. Simu yangu ikaita mfukoni. Namna alivyoingiza tukio lile nitaieleza mbele, kwa sababu siku ile sikuijua.

Mnamo tarehe 3 Mei, Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, tulifika kwenye geti la bluu pamoja na fundi wa lifti, aliyekuwa amevaa suti ya kubana mabega. Tulipiga vizuri kupita kiasi. Mpiga tarumbeta wetu, tunayemwita Mapafu, alivuta sauti moja mpaka majirani wakatoka na miswaki mdomoni. Kaka akatamka yale maneno. Yule dada alisimama mlangoni na shangazi yake, mama wa makamo anayeishi naye. Macho yake yalikuwa yanacheka, hilo niliona kwa macho yangu haya. Akasema, "Bwana fundi, umenishtua. Hili si jambo la kujibu nikiwa na kandambili. Nipe muda nifikirie. Usinipigie, usije. Nitakuita mwenyewe." Fundi wa lifti akasema, "Sawa." Neno hilo moja tu, halafu akaondoka hata suti ikamchanika kwapani kwa furaha. Kwa upande wake, hiyo ndiyo mara ya mwisho kufika pale.

Kwa upande wetu, ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza.

Jumamosi ya tarehe 10 Mei, saa tatu asubuhi, simu zililia: posa, geti la bluu, saa nne. Nilimuuliza kaka, "Tena?" Akasema, "Simu imelia." Nikamuuliza bwana mwenyewe yuko wapi. Akasema, "Hukuona alivyokuwa anatetemeka? Ana aibu, ametutuma peke yetu. Ndiyo maana alilipa zaidi." Nikaona kuna mantiki. Tukaenda, tukapiga, kaka akauliza jibu liko wapi. Yule dada alichungulia dirishani, akatabasamu kwa shida, kama mtu aliyeletewa chai ya pili kabla hajamaliza ya kwanza, kisha akavuta pazia.

Tarehe 17 Mei simu zikalia tena. Tulipofika tukakuta watoto wa mtaa wameshakaa juu ya ukuta wanatungoja, na jirani mmoja ametoa viti. Muuza aiskrimu naye alikuwepo. Mtaa ulikuwa umegawanyika pande mbili, wanaosema akubali na wanaosema amwache ajifunze adabu, na walibishana mpaka katikati ya wimbo. Kaka alipouliza jibu liko wapi, upande mmoja ukaitikia "Ndiyooo!" na mwingine "Thubutu!" Shangazi mtu alifungua dirisha la juu akatumwagia ndoo nzima ya maji. Mapafu alipata mengi ndani ya tarumbeta, likatoa sauti ya bata. Watu walivunjika mbavu. Kaka akasema hiyo ni dalili nzuri, familia imeanza kushiriki.

Tarehe 24 Mei yule dada alitoka mwenyewe mpaka getini, hana hata chembe ya tabasamu. Akasema, na nayakumbuka maneno yake: "Sikuwaagiza. Sitaki. Mwambieni huyo aliyewatuma nilimwomba kitu kimoja tu." Nilipomtazama nikaona macho yake yamejaa machozi. Mkono wangu ukasita juu ya ngoma. Lakini kaka alikuwa ameshasikia lile neno lake la "sikuwaagiza", akageuka kwetu na uso unaong'aa akasema, "Ongezeni sauti!" Nikapiga. Naomba hilo liandikwe, kwamba nilipiga, ingawa moyo wangu haukutaka. Nikiwa narudi nyumbani nilimwambia kaka yule dada alikuwa analia kweli. Akasema wanaoposwa hulia wote, hata mke wake alilia. Nikamwambia mkeo alikuwa na sababu zake.

Leo, tarehe 31 Mei, saa nne na robo asubuhi, tukiwa kwenye ubeti wa pili, askari wawili walifika. Mapafu aliwaona, akadhani nao wamealikwa, akawapigia saluti ya tarumbeta. Wakatuuliza nani katutuma. Kaka akasema kwa kujiamini, "Fundi wa lifti." Basi, askari mmoja akaenda kumchukua kazini, akiwa kichwa ndani ya shimo la lifti na miguu nje. Sisi tukaja hapa na vyombo vyetu kwa miguu, na watoto wa mtaa nyuma yetu, kwa hiyo ukweli ni kwamba tumekamatwa kwa maandamano.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la ukumbini, fundi wa lifti aliletwa, mikono yake myeusi kwa grisi. Alimwona yule dada amekaa upande wa pili na shangazi yake. Yule dada akageuza uso ukutani. Nikamsikia shangazi mtu akimwambia, "Si nilikwambia? Mtu unamwambia subiri, yeye anakuletea ngoma. Huyo ukiwa ndani ya nyumba yake atakusikiliza lini?" Yule kijana aliyasikia. Afande, sijawahi kuona mtu mrefu akawa mfupi vile.

Aliyeliokoa jambo hili bila kujua ni askari wa kaunta, anayependa muziki. Alimuuliza Mapafu, "Mnapiga vizuri, ila leo nimewasikia mpaka hapa kaunta, tarumbeta lako linakwaruza. Kwani mazoezi mnafanya lini?" Mapafu akajibu, "Kila Jumamosi saa nne asubuhi." Sote tukamgeukia. Tukatazamana.

Tangu tarehe 3 Mei hatujafanya mazoezi hata mara moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza mazoezi yamekwenda wapi. Mtu jino likiacha kumuuma haulizi maumivu yamekwenda wapi.

Nikatoa simu yangu nikafungua kalenda. Nikatazama Jumamosi ijayo: posa, geti la bluu. Inayofuata: posa. Nikasukuma mbele mwezi mzima, posa. Desemba, posa. Mwakani, posa. Nikasukuma mpaka miaka ambayo mimi nitakuwa sina meno, bado kila Jumamosi saa nne tunamuuliza yule dada jibu lake ni lipi. Hakukuwa na mazoezi popote.

Nikamvuta kaka pembeni, nikamwambia, "Kaka, nieleze, ile siku ya godoro uliingizaje?" Akasema yeye haanzi tukio upya, ni kazi bure. Alichukua tukio la mazoezi la Jumamosi ile, akafuta neno mazoezi, akaandika posa, akabadilisha mahali. Nikamuuliza, simu haikukuuliza kitu? Akasema, "Iliuliza. Ilisema: nibadilishe tukio hili pekee, au tukio hili na yote yanayofuata?" Nikamuuliza, "Ukabonyeza lipi?" Akanitazama kwa mshangao. "Yote yanayofuata. Mimi si mtu wa nusunusu, Kishindo, unanijua."

Huo ndio uhalifu wenyewe, afande. Mtu asiyependa nusunusu alichukua mazoezi yetu ya maisha yote akayageuza posa ya mtu mmoja. Fundi wa lifti hakujua chochote. Aliambiwa asipige simu, hakupiga. Aliambiwa asije, hakuja. Muulizeni askari aliyemkamata, alipoambiwa kosa lake alisema nini. Alisema, "Matarumbeta gani?"

Na mimi jambo linaloniuma ni hili. Yule dada alimpenda kwa sababu anajua kungoja. Wiki zote hizi alikuwa anangoja kweli, kimya, na ngoma yangu ilikuwa inakwenda getini kumsingizia kwamba hangoji. Ningejua ningeitoboa.

(Maelezo yamesimama saa saba kasorobo mchana, kwa sababu mlalamikaji ameingia chumbani bila kuitwa. Yanaendelea saa saba na dakika ishirini.)

Nimeambiwa niendelee na niseme niliyoyaona baada ya pale, kwa kuwa jalada likishafunguliwa haliwezi kufungwa kwa kucheka. Sawa.

Chumba hiki na ukumbi vimetengwa kwa mbao tu, na mimi sauti yangu mnaijua. Kumbe yule dada na shangazi yake walisikia kila neno. Alipoingia, afande alimwambia asubiri zamu yake. Akasema, "Nimesubiri vya kutosha, afande, naomba nimuulize mtu swali moja." Akapita moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa nondo. Mimi nilimfuata, na wewe afande ulinifuata, na bendi nzima ikatufuata, kwa hiyo mashahidi wapo.

Fundi wa lifti alisimama. Yule dada akamuuliza, "Wewe hukujua?"

"Sikujua."

"Mbona hukunipigia hata kuniuliza nimefikia wapi?"

"Uliniambia ningoje."

"Na ungengoja mpaka lini?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Hukuniambia mpaka lini."

Afande, pale nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema. Mapafu naye alipenga kamasi kwa sauti ya tarumbeta. Shangazi mtu akasema polepole, "Mimi ile ndoo ningeimwaga kwa mwingine," akamtazama kaka yangu kwa jicho baya, kaka akajificha nyuma ya ngoma.

Yule dada akanigeukia. "Dada, hiyo kalenda yenu, na mimi naweza kuandika humo?" Kaka akajitokeza haraka, akanyoosha mkono, "Nipe mimi, bibie, mimi ndiye mwenye..." Nilimpiga kibao cha mkono. Nikampa yule dada simu yangu mwenyewe. Akavaa miwani, akaanza kuandika taratibu, anafunika kwa kiganja tusione. Bila kuinua macho akamwambia yule kijana, "Nitajie barua pepe yako." Akaitaja herufi moja moja kutoka nyuma ya nondo, hajui inatakiwa ya nini. Nadhani aliona labda ni ya mahakamani.

Kisha yule dada aliuliza kwa sauti, "Hapa inaniuliza kama tukio linarudiwa." Bendi nzima ikajibu kwa pamoja, "Hapana!" Kaka ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Akabonyeza. Simu zote za bendi zikalia palepale, na watu wangu, kwa mazoea, wakasimama, wakashika vyombo, wakaelekea mlangoni. Simu ikilia, tunakwenda. Mapafu alishapuliza sauti ya kwanza ndipo nikawaambia wasome tarehe kwanza.

Simu ya fundi wa lifti nayo ililia, ila ilikuwa ndani ya bahasha ya vitu vyake pale kaunta. Akaomba aione. Askari wa kaunta akasema mali ya mahabusu haitolewi mpaka aachiliwe, na hawezi kuachiliwa wakati malalamiko yapo. Yule dada akasema, "Malalamiko nimeyafuta. Niandikie nitie sahihi. Haraka, tafadhali." Afande uliandika haraka kuliko ulivyoandika maneno yangu yote, hilo nimeliona.

Mlango ukafunguliwa. Yule kijana akachukua simu, akasoma. Akasoma tena. Iliandikwa: "Harusi yetu. Jumamosi, 14 Juni, saa nne asubuhi. Nyumba ya geti la bluu." Na chini simu ikamuuliza kama atahudhuria: Ndiyo, Hapana, Labda. Ulimi ukaganda kama kawaida yake. Akabonyeza kwa kidole. Simu haikukubali. Akabonyeza tena, haikukubali, maana kidole kilikuwa kimejaa grisi ya lifti. Akajifuta kwenye ovaroli, ndiyo kwanza akaongeza uchafu. Watu wote pale, askari, bendi, hadi mlevi wa mahabusu, tulikuwa tunakitazama kile kidole.

Yule dada akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa laini cha kufutia vioo vya miwani. Akamshika mkono, akafuta kidole kile kimoja, polepole, kama anavyofuta kioo cha mteja, akakipuliza. Akasema, "Sasa jaribu. Sina haraka."

Akabonyeza Ndiyo.

Kilichofuata hapo ni kelele, na kelele si ushahidi, kwa hiyo naishia hapo. Ila niseme tu kwamba wimbo uliopigwa ndani ya kituo haukuwa kwenye kalenda, na aliyeomba upigwe ni askari wa kaunta.

Kalenda nimeirekebisha mwenyewe. Posa zote mpaka mwisho wa dunia nimezifuta. Mazoezi yamerudi kila Jumamosi saa nne asubuhi, kuanzia tarehe 7 Juni, isipokuwa ile ya tarehe 14. Bendi imeguna, kaka ameguna zaidi. Amenyang'anywa uwezo wa kubadilisha tukio lolote kwa muda usiojulikana, anaruhusiwa kutazama tu.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyapiga kwa mikono yangu. Nimesomewa, nimeyaelewa, na nikiitwa popote kuyarudia nitakuja, tena bila ngoma.

Sahihi ya shahidi: *Bi Kishindo*

MAELEZO YA MWANDISHI: Nathibitisha kwamba nimeyaandika haya kama shahidi alivyoyasema, isipokuwa pale aliposema mambo mawili kwa wakati mmoja. Mlalamikaji ameondoa malalamiko mbele yangu kwa hiari yake. Mtuhumiwa ameachiliwa saa saba na dakika tano mchana na amekabidhiwa vitu vyake vyote: simu moja, begi moja la spana, na ufunguo wa lifti. Kitambaa kimoja cha kufutia miwani hakikuwa kwenye orodha ya vitu vyake, lakini ameondoka nacho mfuko wa kifuani na hakuna aliyekidai.

Kwa kuwa chanzo cha shauri hili ni kalenda, nimeomba kuiona kabla ya kufunga jalada. Nimekagua mwenyewe kwenye simu ya shahidi. Tukio: harusi. Tarehe: 14 Juni. Hairudiwi.